Turbini ya jeti mgongoni: itakurusha, lakini kwa dakika ngapi?

Swali: "Mimi ni rubani wa paraglaida, nina kilo 78, na kwa miaka minne nimekuwa nikiruka kutoka ukingo wa Bonde la Kerio hapa Iten. Nataka kuanza kuruka kwa injini, hasa nikiteremka Diani, ambako hakuna kilima cha kurukia. Paramota ya propela naiogopa: ni nzito, na nimemwona kwa macho mwenzetu akipoteza vidole viwili. Sasa kuna jamaa Dubai anauza turbini ya ndege za modeli, JetCat P400, iliyotumika kidogo. Haifiki kilo nne na inatoa msukumo wa kilo 40. Naambiwa inakunywa mafuta ya taa, haitetemeki, na itanipa mwendo kuliko propela. Nikiifunga kwenye fremu na kuivaa mgongoni, inafaa? Kama haifai, tatizo hasa ni nini?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili ndani ya moja. La kwanza, je, itakuinua? Ndiyo, itakuinua, na anayekuambia kwamba kilo 40 hazitoshi hajapiga hesabu. La pili, je, inafaa kwa safari unazozitaka? Hapo jibu langu ni hapana.

Tuanze na msukumo. Wewe na mavazi, bawa, mwavuli wa akiba, fremu, turbini na mafuta mtafika kama kilo 115. Bawa la paraglaida lenye rubani na mzigo wa injini mgongoni husonga mbele mita sita hivi kwa kila mita moja linayoshuka. Kwa hiyo, ili usishuke wala usipande, unahitaji moja ya sita ya uzito wako: kilo 19 za msukumo. Turbini hiyo hutoa nyutoni 397 usawa wa bahari, yaani kilo 40 na kitu. Ziada ya kilo 21 ukiwa kwenye mwendo wa mita 12 kwa sekunde inakupandisha mita mbili na ushei kila sekunde. Si haba. Iten, kwenye mita 2,400 na jua likiwa limechomoza, hewa ni nyepesi na utapoteza kama robo ya msukumo, lakini hata hapo bado utapanda.

Hili la mwendo, litoe kichwani kabisa. Kasi ya paraglaida huamuliwa na bawa, uzito lililobeba na namna lilivyotegwa, si na injini. Ukiongeza msukumo, rubani anayening'inia husukumwa mbele kidogo, pua ya bawa huinuka, nawe unapanda. Bawa la kilomita 43 kwa saa litabaki pale pale, iwe umevaa propela au jeti. Na ni mwendo huo mdogo unaoifanya jeti iwe mlafi.

Msukumo hupatikana kwa kuchukua hewa na kuitupa nyuma. Unaweza kutupa hewa nyingi polepole au hewa kidogo kwa kasi kubwa, na mgongo wako hautajua tofauti. Tangi la mafuta litajua. Sababu ni kwamba msukumo hukua sambamba na kasi unayoiongezea hewa, ilhali nishati inayotumika hukua kwa mraba wa kasi hiyo. Propela ya sentimita 125, ikitoa zile kilo 19, hushika kama kilo 24 za hewa kila sekunde na kuziongezea mwendo wa mita 8 tu kwa sekunde. P400 ikiwa imefunguliwa yote hupitisha gramu 670 za hewa kwa sekunde, na kuzitema kwa kasi inayokaribia mita 600 kwa sekunde. Ukipunguza gesi hadi kilo 19, moshi hutoka polepole zaidi, lakini bado ni mamia ya mita kwa sekunde, na wewe unakwenda mita 12. Katika hali hiyo, chini ya sita kwa mia ya nguvu iliyomo kwenye hewa inayotoka ndiyo inayokusogeza. Iliyobaki inabaki nyuma yako kama upepo na kelele. Propela halisi, pamoja na kasoro zake zote, hufikisha nusu au zaidi kidogo.

Ndiyo maana P400 hunywa lita 1.3 hadi 1.4 kwa dakika ikiwa imefunguliwa yote, na kwa kuruka bila kupanda wala kushuka, kwa kilo 19, ukadirie lita 0.8 kwa dakika. Hiyo ni lita 48 kwa saa. Paramota ya mipigo miwili ya sisi 185 itakuzungusha saa nzima kwa lita nne hivi.

Weka tangi la lita 15. Kuwasha, kusubiri bawa litulie, kuondoka na kupanda kwa dakika tatu kumeshakula lita nne. Acha lita mbili za akiba, kwa sababu pampu ikivuta hewa mara moja tu turbini huzimika. Zinabaki lita tisa, yaani dakika 11. Safari nzima ni robo saa. Kule Marekani, sheria ya vyombo vyepesi visivyohitaji leseni inakomea kwenye galoni tano za mafuta, kama lita 19, ambazo zinamtosha mtu wa propela kwa nusu siku na mtu wa turbini kwa muda wa kunywa chai.

Kwa haki, kuna pembe moja ambamo hesabu inaipendelea turbini. Mzigo mzima wa turbini, yaani injini, pampu, kompyuta yake, betri, fremu, hanesi, bati la kukinga joto na tangi tupu, unaweza kuwa kilo 13. Wa paramota ya kawaida ni kilo 25 hadi 28. Turbini hula zaidi ya nusu kilo ya mafuta kila dakika kuliko propela, basi kwa safari isiyozidi dakika 20 hivi, wa turbini anaondoka akiwa mwepesi zaidi. Ukipita hapo mizani inapinduka. Saa moja ingekutaka ubebe kilo 38 za mafuta mgongoni, na kwa uzito huo ungehitaji msukumo zaidi na mafuta zaidi ya hayo.

Utaniuliza, mbona wengine wanaruka na jeti? Yves Rossy alivuka Mlango wa Uingereza mwaka 2008 kwa turbini nne, lakini alikuwa na bawa gumu na mwendo wa mara nne ya wako au zaidi, na kadiri chombo kinavyokimbia ndivyo jeti inavyopunguza hasara. Hata hivyo aliruka kama dakika kumi tu. Franky Zapata alivuka hapo hapo mwaka 2019 akisimama juu ya kibao cha turbini, na ilimbidi atue kwenye mashua katikati ya bahari ajaze mafuta. Mfano unaoonyesha jeti ndogo ikiwa mahali pake ni ndege za kuelea zinazoundwa Afrika Kusini, JS1 na JS3 za Jonker. Zinaweza kufungwa turbini ya Kijerumani ya nyutoni 420, ndogo kama yako, inayochomoza mgongoni mwa ndege pale tu rubani anapokosa hewa ya kumpandisha. Ndege hizo husonga zaidi ya mita 50 kwa kila mita moja ya kushuka, na hukimbia. Zinahitaji msukumo kidogo, kwa muda mfupi, kwa mwendo mkubwa. Paraglaida ni kinyume chake kwa yote matatu.

Mafuta, hata hivyo, ni tatizo la mfuko na saa. Joto ndilo tatizo la maisha, na watu hulipuuza kwa kuwa wanapopiga picha ya turbini huipiga ikiwa angani, ambako bawa liko juu na moto uko nyuma. Wewe fikiria pale chini. Siku isiyo na upepo unatandaza bawa nyuma yako, kamba zikiwa zimenyooka mita sita au saba hadi kwenye kitambaa, kisha unakimbia mbele na bawa linapanda nyuma ya mgongo wako. Propela hupuliza hewa baridi kwenye bawa na kulisaidia kujaa, na fremu yake huzuia kamba zisiingie. Turbini inapuliza gesi ya nyuzi 500 hadi 700 Selsiasi, na mkondo wake hupanuka kama faneli kadiri unavyokwenda nyuma. Kwenye mita mbili umeshafikia upana wa mabega yako, mahali kamba zako za kulia na kushoto zinapopita.

Kamba za Dyneema huyeyuka karibu nyuzi 145, na huanza kupoteza nguvu mapema sana kabla ya hapo. Za aramidi haziyeyuki, ila huungua na kuwa ngumu na kukatika baadaye, pengine safari tatu mbele. Nailoni ya bawa huyeyuka kama nyuzi 260. Kule mita saba gesi imeshapoa vya kutosha kutoiyeyusha, lakini usiitegemee hiyo kama kinga. Kamba iliyopata joto haionyeshi alama kila mara. Hapo ndipo penye hatari.

Kwa hiyo kuna njia moja tu ya kuondokea ninayoweza kuitetea: upepo wa kutosha, umeligeukia bawa, turbini iko katika mzunguko wa chini na moshi wake unaelekea mbali na kitambaa; unalipandisha bawa, unageuka, na unafungua gesi likiwa limesimama juu ya kichwa tu. Diani wakati wa kusi upepo huo upo. Lakini ukigeuka bawa likakuangukia nyuma, au ukatua na likalala mgongoni mwako kama linavyopenda kufanya, linakutana na bomba ambalo bado ni kaango. Baada ya kuzimwa, kompyuta huzungusha injini kwa mota ya stata ili kuipoza, na hiyo huchukua dakika nzima au zaidi. Kisha kuna nyasi. Kiangazi, kwenye ukingo wa Kerio, usiwashe kitu hicho juu ya nyasi kavu hata kwa majaribio.

Jambo la pili la usalama ni kuchelewa. Injini ya mipigo miwili ukiibana kitasa cha gesi kilicho mkononi inaitika papo hapo. Turbini kutoka mzunguko wa chini hadi juu huhitaji sekunde kadhaa, tatu hadi tano, kwa kuwa kompyuta huongeza mafuta taratibu isije ikachoma mabapa yake. Mita kumi juu ya mchanga, upepo umekushusha ghafla, sekunde nne ni nyingi mno. Rubani wa turbini lazima atue kana kwamba hana injini. Wewe wa Kerio unalijua hilo. Wanaoanza na injini hawalijui.

Mchanga nao. Kizunguzi cha P400, yaani sehemu yake inayozunguka ndani, hufika mizunguko 98,000 kwa dakika, na beringi zake hulainishwa na mafuta yale yale yanayochomwa. Kinachoingia mdomoni mwake, punje ya mchanga, kipande cha mwani mkavu, mkia wa kamba ya breki, kinagonga mabapa kwa kasi hiyo. Wavu wa chuma cha pua mdomoni ni lazima, na wavu huo nao unakula msukumo kidogo. Kizunguzi kikipasuka, vipande vyake havichagui upande, na uti wako wa mgongo uko sentimita 20 tu kutoka hapo. Turbini za modeli ziliundwa kwa ajili ya ndege za kuchezea zisizobeba mtu. Soma mwongozo wake uone mtengenezaji anasema nini kuhusu kubeba binadamu kabla hujatuma hata shilingi.

Nalo suala la mafuta ya taa kuwa rahisi, lina mkia. Ndani yake huchanganywa oili ya turbini kiasi cha asilimia tano. Oili hiyo hairudi, inaungua. Kila tangi la lita 15 linameza robo tatu ya lita ya oili ya ndege, na oili hizo mara nyingi zina viambato vyenye sumu kwa mishipa ya fahamu, kwa hiyo vaa glovu unapochanganya. Mafuta ya taa ya kwenye madumu yana maji na vumbi. Tumia Jet A-1 ya uwanja wa ndege, uyapitishe kwenye filta laini. Turbini nyingi za aina hii hutakiwa kurudi kiwandani kila baada ya saa 25 za kufanya kazi, na kiwanda cha hii kiko Ujerumani. Kelele sitakaa nayo sana: kelele za mkondo wa jeti hukua kwa kipeo cha nane cha kasi yake. Vaa vizibo vya masikio na juu yake vikinga masikio, vyote viwili, na usitarajie hoteli za Diani zikupende.

Kuhusu muuzaji: mwambie akuonyeshe kumbukumbu za kompyuta ya injini, yaani jumla ya saa, idadi ya kuwashwa, na joto la moshi la mara ya mwisho. "Iliyotumika kidogo" bila tarakimu hizo ni maneno ya sokoni. Jua pia kwamba injini za jeti zenye msukumo unaozidi nyutoni 400 na ulaji mdogo wa mafuta zimo kwenye orodha ya kimataifa ya teknolojia ya makombora. Si ajabu kwamba hii inaishia 397. Iko chini ya mstari, lakini forodha watakuuliza ni ya nini, na utahitaji majibu ya maandishi.

Watu hujaribu njia za kando. Turbini mbili ndogo, moja kila upande? Moja ikizimika, nyingine inakuzungusha chini ya bawa na mikanda yako inajisokota. Mbaya kuliko zote mbili kuzimika. Bomba pana nyuma ya turbini ili livute hewa ya ziada? Faida ni ndogo, na umeongeza bati la moto. Turbini inayozungusha propela kwa gia ni wazo bora zaidi, kwa sababu tatizo la kutupa hewa kwa kasi linaondoka, lakini umerudi kwenye propela unayoikimbia, na turbini ndogo hivyo hugeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya mafuta kuwa nguvu ya ekseli. Nakadiria lita 10 hadi 14 kwa saa. Kubwa hufanya vizuri, ndogo hazifanyi, kwa kuwa pengo kati ya ncha ya bapa na ukuta halipungui sawasawa na injini inavyopungua, na hewa inavuja hapo.

Ningekuwa nakushauri uso kwa uso ningekuambia hivi. Ukiwa Kerio huna haja ya injini; ukingo na jua vinakupa bure unachotaka kukinunua. Kwa Diani, usawa wa bahari, kwa kilo zako 78, tafuta paramota ya sisi 80. Ikiwa kamili huwa kama kilo 18 hadi 20, hutoa kilo 50 na zaidi za msukumo, na hunywa lita mbili au tatu kwa saa. Usiipandishe Iten, itakuchosha. Ukipenda utulivu, za umeme zipo: kuruka bila kupanda wala kushuka hula kama kilowati tano, basi betri ya kilowati-saa nne inakupa dakika 40 hadi 45, mara tatu ya turbini, bila moto.

Na vidole vya mwenzako. Ajali nyingi za namna hiyo hutokea chini, wakati wa kuwasha, injini ikiwa haijavaliwa: kebo ya gesi imekwama, au mtu amebana kitasa huku akivuta kamba, mizunguko ya injini inaruka juu ghafla na fremu inamlalia. Kabla ya kila kuwasha, bana na uachie kitasa uone kabureta inajifunga. Nunua yenye stata ya umeme na uiwashe ukiwa umeshaivaa na kufunga mikanda ya kifua na miguu. Vipo vifaa vinavyozima injini yenyewe ikiwa mizunguko itapanda ghafla sekunde za kwanza, kiweke. Wavu wa fremu uwe wa matundu madogo ambayo kiganja kilichokunjuliwa hakipiti hata ukiusukuma.

Kama turbini umeshailipia, usiivae kwanza. Ifunge kwenye benchi la chuma lililoshindiliwa kwenye zege, mtungi wa kaboni dioksaidi ukiwa mkononi mwa mtu wa pili, na asisimame nyuma wala ubavuni usawa wa kizunguzi. Pima msukumo kwa mizani ya ndoano, pima mafuta kwa uzito kabla na baada ya dakika mbili za kilo 19, kisha ning'iniza vipande vya kamba za zamani kwenye nusu mita, mita moja na mita mbili nyuma, katikati na pembeni, uone vinarudi vikoje. Mafuta yakibaki ndani kwa jaribio lililoshindwa, inamisha injini yamwagike yote kabla hujawasha tena, la sivyo itatoa ulimi wa moto wa mita kadhaa.

Kamba yoyote ya bawa lako halisi ikiguswa na moshi, bawa hilo lisiruke hadi fundi wa kupima kamba azivute na kuandika matokeo. Ukiungua, weka maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali, hata kama ngozi inaonekana nyeupe na haiumi. Hasa kama haiumi. Na kabla ya injini yoyote, ya propela au vinginevyo, mtafute mwalimu wa paramota akuangalie ukiondoka na kutua, kisha uandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Diani imepakana na uwanja wa ndege wa Ukunda, na ndege ndogo zinazoingia hapo hupita chini juu ya ufuo ule ule unaoutaka.